Majirani wa Uchochoro wa Mwembeni, Tandale

[05:48] Mama Shufaa: Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, habari za asubuhi wote. Aliyeamka asome hapa. Usiku mvua ilipokolea, kama saa tisa hivi, kuna nyumba imetapisha choo. Tena.

[05:49] Mama Shufaa: 📷 Picha

[05:49] Mama Shufaa: 📷 Picha

[05:50] Mama Shufaa: Hayo si matope. Anayebisha aje anuse.

[05:57] Pembe: Mama Shufaa mie ndo nakunywa chai 😩

[05:58] Mama Shufaa: Kunywa umeziba pua. Yamepita mlangoni kwa Mama Nasri, jiko lake la maandazi liko katikati kama kisiwa. Leo hauzi.

[06:03] Mama Nasri: Unga kilo tano nilishakanda. Nimemwaga wote. Nani atanunua andazi harufu yenyewe hii

[06:05] Pembe: Pole sana dada. Na lile deni langu la maandazi nalo si limesombwa?

[06:05] Mama Nasri: Daftari liko juu ya kabati. Halijaguswa.

[06:20] Mwalimu Tito: Habari za asubuhi. Kutiririsha majitaka ni kosa chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009. Toka Mto Ng'ombe ujengewe kuta, watu wanadhani kila kitu kitajipeleka baharini chenyewe. Napendekeza aliyefanya ajitokeze kwa hiari kabla hatujamwita bwana afya.

[06:21] Pembe: Ajitokeze ameshika nini mwalimu 😂😂

[06:30] Dada Neema: Amina 🙏

[06:31] Mama Shufaa: Neema, amina ya nini?

[06:33] Mama Shufaa: Humu tuko 41 na naona mnasoma mnapita. Sitaji nyumba ya mtu. Ila kuna choo cha ngazi kina tundu ubavuni limezibwa na matambara, na kila mvua ikinyesha hayo matambara yanatoka yenyewe.

[06:35] Bi Mwanaidi: Vyoo vya ngazi uchochoro huu viko vitano, changu kimo. Ukisema useme vizuri.

[06:36] Mama Shufaa: Bi Mwanaidi sijakusema wewe.

[06:37] Bi Mwanaidi: Mwaka juzi pia hukunisema. Viti vya kikundi vikapotea, "Bi Mwanaidi hatujakusema", na mpaka leo nikiingia msibani watu wanahesabu viti.

[06:38] Mama Shufaa: Viti tuviache leo, nakuomba.

[06:39] Bi Mwanaidi: Aviache nani? Viwili viko kwa mtu wa humu humu, vimepakwa kijani. Mwenye macho ameviona.

[06:39] Pembe: Kijani ya chama au ya Yanga?

[06:40] Mama Shufaa: PEMBE

[06:41] Baba Zuhura: Hata mie hivyo viti nilitaka kuuliza

[06:41] Mama Shufaa: Jamani rudini chooni!!

[06:42] Pembe: Mie niko huku muda mrefu 😂😂😂

[06:55] Mama Shufaa: Nimeshampigia mtu wa gari la majitaka. Uchochoroni haliingii, litasimama pale mashine ya kusaga wavute mpira. Tripu moja laki na ishirini. Nyumba nne ambazo mashimo yamejaa, kila moja elfu thelathini. Jumamosi saa mbili asubuhi.

[06:56] Mama Shufaa: Na asiniambie mtu habari ya vyura, hao wanaopakua vyoo kwa mikono. Vyura wanachimba shimo pembeni wanafukia hapo hapo, masika yakichachamaa yanafumuka.

[06:58] Baba Zuhura: 👍

[06:58] Mama Shufaa: 👍 ni elfu thelathini Baba Zuhura?

[08:52] Deo Geti Jekundu: Habari zenu. Nimeamka nakuta nasemwa kwa mafumbo. Nyumba ina vyumba tisa, shimo moja, mwenye nyumba yuko Mbeya hapokei simu. Mimi msimamizi tu. Halafu huku maji ya ardhini yako juu, ukinyonya leo wiki ijayo shimo limejaa tena. Mnataka nifanyeje?

[08:53] Mama Shufaa: Kwa hiyo ni nyie.

[08:53] Deo Geti Jekundu: Nimesema maji yako juu.

[08:55] Mwalimu Tito: Maji kuwa juu hayachomoi matambara, Deo.

[08:56] Mama Nasri: Kodi inafika Mbeya kila mwezi. Simu tu ndo haifiki.

[08:58] Deo Geti Jekundu: Sawa, nisemeni. Na pampasi zilizoziba mtaro pale kwa Mama Shufaa nani kazitupa? Mtaro ungepitisha, yasingekata kona kuingia kwa Mama Nasri.

[08:59] Mama Shufaa: Pampasi zipi? Mjukuu wangu ana miaka minne!

[09:00] Pembe: Mwalimu tupe sheria ya pampasi

[09:01] Bi Mwanaidi: Deo hapo hajakosea.

[09:01] Mama Shufaa: Ahaa.

[09:17] Mzee Kondo: 🎤 Ujumbe wa sauti (1:52)

[09:20] Pembe: Babu shikamoo, sauti inakatika, mvua inapiga bati

[09:33] Rama wa Mzee Kondo: Babu amesema niandike kama alivyosema, nisipunguze.

[09:36] Rama wa Mzee Kondo: "Nawasikia mnacheka. Chekeni, sikatazi. Mwaka 2015 maji haya haya yalipita kwangu, na siku ya tatu mama yenu hakuweza kuinua kikombe. Alifia kambi ya kipindupindu. Hatukupewa kumwosha. Waliomshika walivaa mabuti, sisi tukasimama mbali. Aliyefungulia usiku ule alikuja matangani, akakaa kwenye mkeka wangu, akala. Nilimjua siku ile ile. Nasali naye safu moja mpaka leo na sijamwambia kitu. Sasa nimezeeka, wa pili siwezi kumnyamazia."

[09:38] Pembe: Ujumbe huu umefutwa

[10:14] Bi Mwanaidi: Allah amrehemu. Kumbe ndivyo ilivyokuwa.

[10:15] Dada Neema: Pole sana baba

[10:31] Deo Geti Jekundu: Mzee shikamoo. Natoa elfu kumi na tano leo. Iliyobaki mwenye nyumba akituma.

[10:33] Mama Shufaa: Gari halinyonyi nusu, Deo.

[10:34] Deo Geti Jekundu: Ndiyo niliyo nayo mama yangu.

[10:36] Mama Shufaa: Haya. Mimi 30. Mwalimu 30 ameahidi jioni. Deo 15. Bi Mwanaidi?

[10:40] Bi Mwanaidi: Ipo. Ila sipitishi mkononi kwa mtu. Nitampa dereva mwenyewe, na Rama ashuhudie.

[10:41] Mama Shufaa: Mweka hazina ni mimi.

[10:41] Bi Mwanaidi: Ulikuwa wewe na enzi za viti.

[10:47] Mama Nasri: Naweka 5 ya kuzibua mtaro. Pampasi za yeyote.

[10:52] Mwalimu Tito: Kabla hatujalipa, mpira wao una urefu gani? Kuna aliyepima toka mashine ya kusaga mpaka kwa Deo?

[10:53] Pembe: Nimetoka kupima. Hatua 63

[10:54] Mama Shufaa: Kwa hizo hatua zako za kukimbia madeni? Jioni Rama apime kwa kamba.

[10:55] Mama Nasri: Mnapima ya Jumamosi. Na leo usiku? Wingu limeshafunga Kimara huko. Deo, lile tundu?

[11:20] Mama Shufaa: Deo unaulizwa.

[11:48] Deo Geti Jekundu: Niko kwenye daladala, simu inaisha chaji. Nikirudi nitaangalia.

[11:48] Mama Shufaa: Unaangalia nini tena Deo? Ziba.