Mbio za msituni kwa mwenye shida ya usawa: nianzie wapi?

mpita_njia
Habari za jioni wadau. Nakimbia lami kilomita 5, mara tatu kwa wiki, kama dakika 38. Nataka kuhamia njia za msitu wa Karura, Nairobi. Tatizo: sikio la ndani la kushoto lilidhurika na virusi, na nikigeuza kichwa ghafla nayumba. Daktari wa masikio ameruhusu mazoezi. Kwenye lami niko sawa, ila kwenye nyasi zenye mabonde na gizani miguu inababaika. Viatu gani? Fimbo nibebe au niache? Nianze na umbali gani?

fizio_wa_mtaa
Kwanza uelewe kwa nini lami haikusumbui. Mwili hujua umesimamaje kwa njia tatu: macho, sikio la ndani, na nyayo pamoja na vifundo vya miguu. Lami haibadiliki, kwa hiyo nyayo na macho huziba pengo la sikio. Ukiingia kwenye mizizi, nyayo zinaleta habari mpya kila hatua. Giza likiongezeka, macho nayo yametoka kazini. Limebaki sikio, na ndilo bovu.

Kwa hiyo, kabla ya kiatu, wiki 4 za mazoezi nyumbani. Nyosha mkono, kazia macho kidole gumba, geuza kichwa kushoto na kulia huku kidole kikibaki wazi machoni. Kikianza kuwa na ukungu, umezidisha kasi. Dakika 1, mara tatu kwa siku. Anza umesimama miguu imeachana, kisha miguu pamoja, kisha mmoja mbele ya mwingine, mwisho ukitembea kwenye korido. Ongeza kusimama mguu mmoja sekunde 30 karibu na ukuta, pekupeku. Ukiweza, panda juu ya blanketi lililokunjwa.

Kizunguzungu kidogo wakati wa zoezi ni kawaida, maana ubongo haujifunzi bila kusumbuliwa. Kikidumu zaidi ya dakika 20 hivi baada ya kumaliza, punguza. Wengi hukosea hapo: wanaacha kabisa wakidhani wanajiumiza.

Kwa wasomaji wengine, msinakili mpango huu kabla ya kujua chanzo. Anayezungukwa na dunia sekunde chache kila akijigeuza kitandani huenda fuwele za sikio zimehama, na hizo hurudishwa na mtaalamu kwa kukigeuza kichwa kwa mpangilio maalum. Mwenye kisukari aliyekufa ganzi nyayo akaguliwe miguu kwanza. Na ukiona vitu viwiliviwili, ulimi mzito au usikivu umepotea ghafla, hiyo ni hospitali leo leo.

vumbi_jekundu
Fizio amesema vizuri. Mimi niongeze ya njiani.

Karura usianze na vijia vyembamba. Anza na zile barabara pana za murram (udongo wa changarawe), saa nne asubuhi, siku mbili baada ya mvua kukatika. Ule udongo mwekundu ukilowa hugandamana kwenye soli, meno yote yanajaa, unabaki umevaa sahani. Na chini ya mikaratusi angalia vile vifuko vigumu vya mbegu: vinabingirika chini ya kiatu kama gololi.

Wiki mbili za kwanza tembea tu, dakika 40. Wiki ya tatu: kimbia dakika 1, tembea 2, mara nane, sehemu tambarare tu. Sahau dakika zako za lami. Hatua fupi na za harakaharaka, mikono imeachana kidogo na mbavu, macho mita 3 hadi 5 mbele. Ukitazama vidole vya miguu kichwa kinashuka na kupanda, na sikio lako ndilo halipendi hilo. Mzizi uruke, usiukanyage.

Jambo ambalo watu husahau ni baiskeli. Ikija nyuma, usigeuze kichwa huku unakimbia. Simama, sogea pembeni, ndipo ugeuke. Kwa hiyo spika za masikioni ziache nyumbani. Miwani nyeusi pia: mwanga wa msituni ni madoadoa ya jua na kivuli, nayo inafuta mashimo yote.

soli_nyembamba
Viatu: soli isiwe nene. Zile za povu refu zinakuinua mbali na ardhi, kifundo kinapinduka kirahisi na nyayo hazisikii kitu. Tafuta kiatu kipana mbele, meno ya milimita 4 au 5. Kamba ipitishe kwenye tundu la mwisho juu kabisa ili kisigino kisicheze.

Fimbo, ningesema acha. Ukikimbia zinaingia katikati ya miguu.

fizio_wa_mtaa
Hapo tunatofautiana, ndugu. Kwa kukimbia, sawa. Lakini kwa zile wiki za kutembea fimbo ni kama njia ya nne ya kujua umesimamaje: kuigusisha ardhi kidogo tu kunaupa ubongo habari kupitia mkono. Urefu: kiwiko kikunjwe pembe mraba, mteremkoni ongeza sentimita 5. Mkono usiupitishe kwenye kitanzi mteremkoni. Ukianguka nayo, fimbo hubaki kiganjani na kuvuta kidole gumba mpaka kano inachanika.

mpita_njia
Asanteni sana. Na mteremko wenyewe, nishuke vipi?

vumbi_jekundu
Mwezi wa kwanza unatembea, hakuna ubishi. Watu huogopa wakaegemea nyuma. Uzito unaenda kisiginoni na mguu unateleza mbele. Kunja magoti, kiwiliwili juu ya miguu, hatua nusu ya kawaida. Pakiwa pakali, shuka kwa mshazari. Vaa glavu za baiskeli, na ukihisi unakwenda chini kunja viwiko ubingirike kwa bega. Mkono ulionyooka ndio unaovunjika kifundo cha mkono. Na maliza ukiwa bado na nguvu: miguu ikichoka hainyanyuki vya kutosha, na mzizi wa sentimita 3 tu unatosha kukuangusha.