Ramani za nyumba: milimita tupu, au tumwekee fundi na futi?

Mleta mada
Wakuu, habari za kazi. Wiki iliyopita nilikwenda saiti Kibaha na ramani yangu: vyumba vinne mstari mmoja, kila kimoja milimita 3600. Fundi akaitazama, akasema "futi kumi na mbili hizi", akavuta tepu upande wa inchi na kuanza kupigilia vigingi. Futi 12 ni milimita 3657.6. Chumba kimoja kinaongezeka 57.6, mtu anaweza kuipotezea. Zidisha kwa nne: 230. Huo ni ukuta wa inchi 9 mzima, na wote umesogea upande wa mpaka wa jirani.

Fundi simlaumu. Najilaumu mimi na wachoraji wenzangu, kwa sababu kila mmoja anatoa vipimo kwa sura yake. Ukifungua AutoCAD, programu tunayochorea, kwa templeti ya acad.dwt unapewa staili ya vipimo ya Standard, maandishi 0.18 na desimali nne. Hiyo ni ya inchi, ya kwao Marekani. Kwa acadiso.dwt unapewa ISO-25, maandishi 2.5, desimali mbili, na alama ya desimali ni mkato. Kuanzia hapo ni kila mtu na lwake: mmoja anaacha 3600,5, mwingine anaandika 3.60 kwa mita, wa tatu 360 kwa sentimita.

Hoja yangu: Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi itoe templeti moja, milimita nzima bila desimali, na halmashauri isitoe kibali cha ujenzi kwa ramani isiyoifuata. Mnasemaje?

Fundi ujenzi, Morogoro
Mkuu, dukani naagiza mbao mbili kwa nne, tofali inchi 6, nondo milimita 12, bati geji 28. Kichwa kinabeba vyote, hakuna aliyewahi kunipa templeti. Shida ni mwenye nyumba. Anakuja Jumamosi, anasimama katikati ya msingi, anauliza chumba chake futi ngapi. Nikimwambia elfu tatu mia sita anadhani namtajia bei. Wekeni zote mbili, kwisha.

Mchoraji, Arusha
Zote mbili zinawezekana, ndugu fundi, nimeshajaribu. Unawasha vipimo mbadala, DIMALT. ISO-25 inakuja na kizidisho 0.03937 tayari, cha kugeuza milimita kuwa inchi, kwa hiyo ukichagua mfumo wa Architectural, yaani futi na inchi, pembeni ya 3600 inajitokeza [11'-9 3/4"]. Sasa niambie ukweli: robo tatu hiyo ya inchi utaipima? Utaiita kumi na mbili, tunarudi Kibaha. Halafu kwenye mstari wa madirisha, penye 600, 1200, 600, mabano yanapandana hadi huoni kitu.

Mkadiriaji majenzi
Mnagombania futi, mimi mkato ndio ulionitoa jasho. Ililetwa ramani ya sentimita, ukuta umeandikwa 362,5. Kijana wa ofisini akaingiza 3625 kwenye jedwali. Ukuta wa chumba cha kulala ukawa na mita thelathini na sita na ushee, matofali yake yangejenga darasa! Na mchoraji hakukosea. Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani wa 2003 ulikubali nukta na mkato, vyote viwili, ukasema maelfu yatenganishwe kwa nafasi tu. Sisi ndio tunaotenganisha maelfu kwa mkato.

Mhandisi wa barabara
Hiyo templeti ya lazima isitufikie sisi. Barabara ya kilomita 40 tunachora kwa mita, na desimali tatu tunazihitaji. Na kama mtaitoa templeti, staili msiiite ISO-25. Ukibandika mchoro wa mwenzako kwenye faili lako na majina yanafanana, ya faili lako ndiyo inayoshinda, vipimo vyake vinabadilika sura kimyakimya.

Mchangiaji, Nakuru
Huku ploti tunauza hamsini kwa mia, futi hizo, halafu ramani inakuja kwa milimita. Tumezoea.

Mleta mada
Wa barabara nawaondoa, hoja iwe ya majengo tu. Jina la staili nimelipokea. Mabano pia nimeyaacha, Arusha amenishinda. Jana nimerekebisha templeti yangu: alama ya desimali (DIMDSEP) nukta, idadi ya desimali (DIMDEC) 0, ukuzaji wa maandishi na mishale ya vipimo (DIMSCALE) 100 kwa ramani za 1:100. Ramani za zamani hazijaguswa, maana staili inakaa ndani ya kila faili. Nitazifungua moja moja. Kwa ajili ya mwenye nyumba, chini ya jina la kila chumba nimeandika "takriban futi 12 kwa 10".

Fundi ujenzi, Morogoro
Takriban? Basi mkuu, mimi tepu yangu naigeuza upande wa inchi.