Mtathmini Namba Tatu arudishwe darasani, tena leo hii!!!

KondensaMoto (mleta uzi)

Wakuu, leo sina salamu. Matokeo ya ruzuku za utafiti wa nishati kwa biashara ndogo yametoka, na yule bwana bado yuko kazini. Simtaji. Mnamjua wote: kalamu nyekundu, andiko la kurasa 15 linajibiwa kwa mistari mitatu, alama anazitoa kwa uchungu kama anazitoa mfukoni mwake.

Andiko lilikuwa la pampu ya joto ya kupashia maji. COP, yaani joto linalotoka gawanya kwa umeme unaoingia, 3.2. Bwana mkubwa kaizungushia duara hiyo 3.2, kapiga mistari miwili chini yake, halafu kaandika, na hapa sipunguzi herufi: "Haiwezekani. Ufanisi unazidi asilimia 100."

ASILIMIA. MIA.

Mtu kakabidhiwa fedha za umma za teknolojia ya nishati, na hajui kwamba pampu ya joto haitengenezi joto, INALIHAMISHA. Kompresa inakula kilowati 1 ya umeme, evaporeta inachota kilowati 2.2 kwenye hewa ya nje, kondensa inatema kilowati 3.2 kwenye maji. 1 jumlisha 2.2. Hata vidole vya mkono mmoja vinabaki! Huyu akimwona hamali kabeba gunia la kilo 90 atasema haiwezekani, maana hamali mwenyewe ana kilo 60. Na friji iliyoko jikoni kwake inafanya kazi hiyohiyo usiku na mchana, sijui kila akiifungua anaona muujiza.

Kama alitaka ubishi, kikomo kipo, tangu enzi za Carnot: joto la juu gawanya kwa tofauti, kwa kelvini. Hewa ya nyuzi 15 ni 288, maji ya nyuzi 60 ni 333. 333 gawanya kwa 45 unapata 7.4. Hapo ndipo maumbile yanaposema basi. 3.2 ni asilimia 43 ya hiyo, yaani mashine ya kawaida kabisa, hata haina cha kuringia. Angeandika "ni ndogo" ningemvulia kofia. Kaandika HAIWEZEKANI.

Na penye maswali ya maana hakugusa! Gesi ni propani, R290, inawaka. Gramu ngapi kwenye mzunguko? Chumba kina ukubwa gani? Ikivuja inatambaa chini kwa sababu ni nzito kuliko hewa, je, kipima gesi kimefungwa chini au mmekitundika darini kama pambo? Swichi ya kutoa cheche iko wapi? Kimya. Wino wote uliishia kwenye ile 3.2.

Asilimia mia, wakuu. Mistari miwili chini yake.

NimekaaPale

Nimekaa paleee nasoma. Endeleeni.

FyuziImekatika

Punguza povu mkuu, kondensa itashika kutu. Halafu swali dogo tu: kichwa cha jedwali lako kiliandikwaje? Maana kuna wenzetu wanaandika "Ufanisi (COP)", halafu wanashangaa mtu akiutafutia asilimia.

KondensaMoto

Hilo halihusiani.

FyuziImekatika

Kwa hiyo uliandika "Ufanisi (COP)". Sawa. Nimemaliza.

Nyuzi273

Mtathmini kachemka, halina ubishi. Lakini mleta uzi naye asijifiche nyuma ya Carnot. Kilowati 3.2 umezipataje? Kama ni kawaida yetu, umepima maji: lita 9.2 kwa dakika, yanaingia nyuzi 55, yanatoka 60, unazidisha lita, tofauti ya nyuzi 5 na 4.19 ya maji, unagawanya kwa sekunde 60, unapata kilowati 3.2. Vizuri. Sensa zako ni za kiwango gani? Zile za plas au minasi nusu nyuzi? Basi tofauti yako ya nyuzi 5 ina shaka ya nyuzi 0.7 ukizijumlisha kwa kanuni ya mraba, hiyo ni asilimia 14. COP yako inaweza kuwa 2.7, inaweza kuwa 3.7. Ukiandika "3.2" kavukavu bila shaka ya kipimo, hata mtathmini mwenye akili timamu anakukata.

Dawa yake si ngumu. Chukua jozi moja ya sensa za joto za PT100 zenye nyaya nne, zitumbukize zote mbili kwenye beseni moja la maji, andika zinavyotofautiana kwa nyuzi 20, 40 na 60, tofauti hiyo uitoe kwenye hesabu. Hapo shaka inashuka hadi sehemu ya kumi ya nyuzi. Au punguza mwendo wa maji ili tofauti ifike nyuzi 10. Ila ukipunguza sana, kondensa inapanda joto na COP inaporomoka, utajikuta unapima mashine nyingine.

Na jambo la pili, hili ndilo ugonjwa wa jukwaa zima: umeme uliopima ni wa kompresa peke yake? Ongeza feni wati 120 na pampu ya maji wati 60. Inakuwa kilowati 1.18. 3.2 gawanya kwa 1.18 ni 2.7. Bado hatujagusa kuyeyusha barafu kwenye evaporeta.

KondensaMoto

Wewe ndiye Mtathmini Namba Tatu. Umejisajili jana.

Nyuzi273

Hujajibu la feni.

NimekaaPale

😂😂 Hajajibu la feni.

MamaInveta

Mwenzenu ana afadhali, yeye kaambiwa haiwezekani. Andiko la betri: seli 16 za LFP (lithiamu, chuma na fosfati) kwa mfululizo, volti 3.2 kila moja, jumla volti 51.2, Ah (ampea-saa) 100, kWh 5.12. Bwana yuleyule kauliza pembeni: "kWh 5.12 kwa saa ngapi?"

Kwa saa ngapi! Ni sawa na kuuliza pipa la lita 200 lina lita 200 kwa dakika ngapi.

FyuziImekatika

Volti 3.2 tena. Hii namba ina mkosi, iondoeni kwenye maandiko yote.

SeliKumiNaSita

@MamaInveta hilo ni dogo. Sharti lake jingine ni kwamba uthibitishe mizunguko 6,000 ndani ya mradi wa miezi 12. Fanya hesabu: kuchaji kwa 0.5C, yaani nusu ya uwezo wa seli kila saa, ni saa 2, kutoa saa 2, mzunguko mmoja saa 4, siku moja mizunguko 6. Mizunguko 6,000 ni siku 1,000, na hapo hujaweka muda wa seli kupumzika. Mwaka mzima bila umeme kukatika unapata 2,190. Ukisema ukimbize kwa 1C unafika siku 500, bado hutoshi, na seli zimechemka, kwa hiyo unachopima ni joto wala si umri. Mtu anayejua angekubali mizunguko 1,000, kipimo cha uwezo kila baada ya 100, halafu mchoro wa kushuka kwake. Yeye anataka 6,000. Anataka siku 1,000 zikae ndani ya 365, halafu sisi ndio tunaoambiwa tunazidi asilimia 100!

KaratasiTatu

Nyote mnalia na mtathmini, kilio chenyewe kiko kwenye fedha. Ruzuku ya kurejeshewa: unatumia kwanza, unadai baadaye. Kila dai lina karatasi tatu, ankara, uthibitisho wa malipo na hati ya kupokea kifaa, na tarehe zifuatane. Ankara ikitangulia mkataba hata kwa siku moja, gharama hiyo imekufa. Kompresa iliyoagizwa mapema kwa sababu inachelewa kufika ndiyo inayoua watu, maana fundi anafikiria muda wa meli, mkaguzi anafikiria tarehe ya saini.

Na mchango wa mwombaji, soma maneno vizuri. "Asilimia 30 ya gharama yote ya mradi" na "asilimia 30 ya ruzuku" ni vitu viwili. Mradi wa 100, mchango wa kwanza ni 30. Wa pili, ruzuku inakuwa 77 na mchango 23. Watu wamesaini bila kujua tofauti.

Kuhusu rufaa, mleta uzi asipoteze wino. Ruzuku nyingi zinapokea rufaa ya utaratibu tu: mtathmini ana maslahi, alama zilijumlishwa vibaya, kiambatisho hakikufunguliwa. "Hajui fizikia" kwa kawaida si sababu. Dirisha likifunguka tena, ukurasa wa kwanza uwe na mchoro wa mishale mitatu, 1 inaingia, 2.2 inaingia, 3.2 inatoka, na neno ufanisi lisiwepo kabisa.

KondensaMoto

Nimchoree mishale mtaalamu wa nishati? MISHALE? Aliyepiga mistari miwili chini ya...

PHDyaMajuzi

Mbona kwa wenzetu Marekani mambo yamenyooka? Ile ya SBIR, ruzuku yao ya utafiti kwa biashara ndogo, sheria ya 1982, ina awamu: ya kwanza kuonyesha inawezekana, ya pili kuijenga, ya tatu kuiuza.

KaratasiTatu

Imenyooka ukiisoma kwa mbali. Awamu ya tatu haina fedha za programu hiyo, unajitafutia. Ya kwanza, kwa kawaida theluthi mbili za kazi zifanyike ndani ya kampuni yenyewe, ya pili nusu. Mtafiti mkuu ajira yake kuu iwe hapo kwako, kwa hiyo profesa wa kuazima jina mwisho wake ni mlangoni. Na usajili wa serikali ya shirikisho unahuishwa kila mwaka. Ukilala ukaukumbuka wiki ya mwisho, andiko lako tamu linabaki kwenye kompyuta yako.

MamaInveta

Hakuna aliyetaja uchakavu? Mashine ya kuchaji na kutoa chaji seli, umri wake kwenye vitabu miezi 60. Mradi miezi 12. Unaitumia nusu ya muda. 12 kwa 60 ni asilimia 20, nusu yake 10. Umenunua mashine nzima, ruzuku inakulipa sehemu ya kumi, halafu kwenye ripoti wanataka picha ya mashine nzima! Wapigiwe picha ya kona moja.

SeliKumiNaSita

😂 Ya kona moja! Na karatasi ya saa za kazi je? Fundi yuleyule kaandikwa asilimia 60 kwenye ruzuku hii na 50 kwenye ile. Mkaguzi akiziweka meza moja mnarudisha zote mbili.

FyuziImekatika

Asilimia 110. Kumbe inawezekana kuzidi mia.

Nyuzi273

@MamaInveta seli zako unazikatia volti ngapi juu? Usiziache kwenye 3.65 kila siku. 3.45 inatosha, unapoteza uwezo kidogo sana na BMS, kile kidhibiti cha betri, inapata muda wa kusawazisha seli.

MamaInveta

3.5. Seli ya nne inatangulia wenzake kila mara.

Nyuzi273

Kabla ya kulaumu seli kaza boliti za kiunganishi chake. Pima volti kwenye nguzo ya seli, halafu kwenye waya wa BMS, mkondo ukiwa unapita. Zikitofautiana, kosa ni kiunganishi.

KondensaMoto

Jamani. Na ile 3.2 yangu?

SeliKumiNaSita

Ipi, ya volti?