Mtu amevunjika moyo na maombi hayatoki: aanzie wapi?

Mshumaa_Mdogo

Shalom wapendwa. Swali langu ni la vitendo. Mtu amevunjika moyo kwelikweli. Akipiga magoti, maneno hayaji. Akifungua Biblia, anarudia mstari uleule mara tatu na hauingii. Akija kwetu tunamwambia "mtegemee Mungu", "usikate tamaa", "Mungu ni mwema". Ni kweli yote, ila hayamwambii afanye nini kesho akiamka. Wenye kujua mnisaidie: aanze na nini, asome wapi, kwa kiasi gani? Na kwa nini wengine hujitahidi wiki nzima halafu wanazidi kuzama?

Msoma_Zaburi

Aanze na Zaburi ya 13. Ina mistari 6 tu. Hata aliyechoka anaimaliza kwa dakika moja. Ila asiisome kimoyomoyo. Aitamke, japo kwa kunong'ona, maana akili iliyoelemewa hutoroka katikati ya sentensi na mdomo ndio unaoirudisha.

Atazame ilivyojengwa. Mstari wa 1 na wa 2 ni malalamiko matupu: "hata lini" inarudi mara 4. Wa 3 na wa 4 ni ombi, fupi na la wazi: uangalie, uniitikie, uyatie nuru macho yangu. Imani inatajwa kuanzia wa 5. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanaruka minne ya kwanza ili watue kwenye sifa, kwa kudhani kumlalamikia Mungu ni kukosa imani. Tofautisheni. Waisraeli jangwani walinung'unika hemani mwao, wakimsema Mungu pembeni. Mwenye zaburi anamwambia Mungu mwenyewe usoni. Anayelalamika hivyo bado hajakata mazungumzo.

Sasa achukue karatasi, aandike sentensi 4 zake mwenyewe zinazoanza na "hata lini". Ataje jambo kwa jina lake: deni, ugonjwa wa mtoto, neno aliloambiwa na mtu. "Nina matatizo" ni maneno ya kujificha. Chini yake aandike ombi 1, la leo, si la mwaka mzima. Kisha jambo 1 ambalo Mungu alishamtendea, na kama anakumbuka lilikuwa lini, aandike. Dakika 10 zinatosha. Hilo la mwisho lisipopatikana, aache nafasi wazi, asitunge. Zaburi ya 88 inaanza gizani na kuishia gizani, na hakuna aliyeifuta.

Arudie Zaburi hiyohiyo siku 7. Kurukaruka kutoka sura hadi sura kutafuta mstari "utakaogusa" kunachosha kuliko kunavyojenga. Baada ya hapo aende ya 42 na 43, azisome kama wimbo mmoja, kwa sababu kiitikio ni kimoja, mara 3: "Nafsi yangu, kwa nini kuinama?" Pale mtu ameacha kuisikiliza nafsi yake, ameanza kuihoji.

Kijito_Besori

Nakubaliana na ndugu hapo juu, lakini kabla ya karatasi kuna mwili. Someni 1 Wafalme 19 polepole. Nabii Eliya yuko chini ya mti, anaomba afe. Malaika hakumhubiria. Alimgusa, akamwambia ainuke ale. Kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na jambo lilelile, akiongeza kwamba safari ni kubwa mno kwake. Swali la "unafanya nini hapa?" aliulizwa baadaye, kwenye mlima Horebu, baada ya mwendo wa siku 40. Kazi alipewa mwishoni kabisa, pamoja na habari ya wale 7,000 ambao hakujua kwamba wapo.

Basi mpango ni huo: usingizi, chakula, mwendo, kutoa ya moyoni, ndipo kazi na watu. Sisi huugeuza. Mtu hali, halali, halafu tunamwandikia mfungo wa siku 3 na mkesha juu yake. Anazima, kisha anaambiwa imani yake ni ndogo! Kufunga ni kuzuri, lakini kwa mwili wenye cha kutoa. Huyu ale mara 3 kwa siku hata kama ni kidogo, atembee nusu saa mchana, alale mapema. Anaweza kuomba huku anatembea.

Neno_kwa_Wakati

Nami niguse upande wa watu. Paulo anaandika, 2 Wakorintho 7:6, kwamba Mungu awafarijiye wanyonge alimfariji kwa kuja kwake Tito. Faraja ilikuja na miguu. Kwa hiyo mtu huyu achague mmoja, si kundi zima la simu, na ampe kazi inayoeleweka: "Niombee saa 3 usiku kuhusu jambo hili, na Jumatano uniulize." "Niombee" peke yake husahaulika.

Kwa anayechaguliwa: rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku 7 bila neno, na hapo walikuwa sawa. Waliharibu walipoanza kueleza sababu.

Na hili lisifichwe. Huzuni ikikaa karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, usingizi na hamu ya chakula vimevurugika, apelekwe kwa daktari huku maombi yakiendelea. Akisema anataka kufa, asiachwe peke yake hata saa moja, na msaada utafutwe siku hiyohiyo.

Mshumaa_Mdogo

Asanteni sana. Na yule anayefanya yote haya wiki nzima, kisha anasema "bado sihisi chochote"?

Msoma_Zaburi

Muulize alichofanya, usimuulize anavyohisi. Mji wa Siklagi ulipochomwa na jeshi la adui na familia zao kutekwa, Daudi na watu wake walilia mpaka wakaishiwa nguvu za kulia, na watu wakataka kumpiga kwa mawe. Imeandikwa "akajitia nguvu katika Bwana, Mungu wake", haisemi alifurahi. Kilichofuata ni kuitisha efodi, vazi la kuhani la kumwulizia Mungu, na kuuliza swali moja: niwafuate jeshi hili? Akajibiwa, akaondoka na watu 600, na 200 kati yao wakachoka wakaachwa kijitoni. Nguvu ilionekana kwenye hatua iliyofuata. Paulo naye aliomba mara 3 "mwiba" wa mwilini, yaani teso lake, uondolewe, ukabaki, akaambiwa neema yamtosha.

Jambo moja dogo: hiyo Zaburi ya 13 aiandike kwa mkono, aiweke kando ya kitanda. Akizinduka saa 8 usiku na kuitafuta kwenye simu, atakutana na ujumbe wa deni kabla hajaifikia.

Kijito_Besori

Na gilasi ya maji kando yake.