Toyota Vanguard ya lita 2.4 inachukua oili kiasi gani?

Mwenye Vanguard, Dodoma
Habari zenu wakuu. Nina Toyota Vanguard ya mwaka 2008 yenye injini ya 2AZ-FE, na juzi niliipeleka gereji kumwaga oili. Fundi alimimina dumu zima la lita 5, akisema kwamba Vanguard zote hunywa kiasi hicho. Asubuhi iliyofuata, kabla ya kuwasha gari, nilipima kwa dipstiki nikakuta oili imepita alama ya F (yaani imejaa) kwa zaidi ya upana wa kidole. Je, niiache hivyo hadi sevisi ijayo au niipunguze? Naomba pia kujua nibadilishe kila baada ya kilomita ngapi, maana wengine huniambia 3,000 na wengine 10,000.

Fundi wa Zamani
Mkuu, ipunguze kabla ya kusafiri. Injini yako huchukua lita 4.3 ikiwa filta imebadilishwa, na takriban lita 4.1 ikiwa filta ya zamani imebaki. Si kweli kwamba Vanguard zote ni sawa, kwani ipo yenye silinda sita, 2GR-FE ya lita 3.5, ambayo huchukua lita 6.1. Soma namba ya modeli kwenye kibao cha gari: ACA33W na ACA38W ni za lita 2.4, na GSA33W ni ile kubwa.

Oili ikizidi sana, kreshafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) huweza kuifikia inapozunguka na kuichapa hadi ikachanganyika na hewa na kutoa povu. Pampu ikivuta povu badala ya oili, presha hushuka, na katika injini hii presha hiyo ndiyo inayoendesha VVT-i (mfumo wa kurekebisha wakati wa kufunguka kwa vali) na kukaza cheni ya taimingi. Oili nyingine husukumwa kupitia bomba la kupumulia hadi kwenye njia ya hewa, ikaungua na kutoa moshi. Huna haja ya kuimwaga yote: ingiza mpira mwembamba kwenye tundu la dipstiki, vuta kwa bomba la sindano kidogo kidogo, kisha upime tena gari likiwa mahali tambarare. Je, filta ilibadilishwa?

Mama Safari
Naongezea kuhusu kilomita. Nchini Japani Toyota huweka kilomita 15,000 au mwaka mmoja kwa injini za petroli zisizo na turbo, na nusu yake kwa matumizi magumu. Vumbi letu, foleni na safari fupi ambazo injini haipati kupata moto vizuri ni matumizi magumu, kwa hiyo mimi hubadilisha kila kilomita 5,000 au miezi sita, kwa oili ya uzito wa 5W-30 na filta mpya kila mara. Kilomita 3,000 kwa oili nzuri ni kutupa fedha.

Hata hivyo, ndugu yangu, linalonitia hofu zaidi kuhusu 2AZ-FE ni ulaji wa oili. Ringi za oili kwenye pistoni huziba kwa kaboni, na huko Marekani Toyota iliongeza muda wa dhamana kwa baadhi ya magari yenye injini hii kwa sababu hiyo. Mtu anaweza kubadilisha kwa wakati kabisa na bado akaua injini kwa sababu hakupima katikati. Pima kila unapojaza tangi, uandike kilomita na kiasi ulichoongeza.

Mwenye Vanguard, Dodoma
Ahsanteni sana. Nimerudi kwa fundi, naye amekiri kwamba filta haikubadilishwa. Tumevuta oili hadi ikashuka kwenye F, na tulipoipima katika chupa ya maji ya lita moja ilikaribia kujaa, yaani kama mililita 900. Filta mpya nitaifunga Jumamosi, na oili hii niliyoitoa ni safi, nimeihifadhi kwa ajili ya kujazia.

Fundi wa Zamani
Vizuri. Ukishaifunga, washa injini kwa dakika chache ili filta ijae, zima, subiri kama dakika tano, kisha upime upya. Itakuwa imeshuka kidogo, na hapo ndipo utakapoihitaji hiyo uliyohifadhi.