Lamu: faili linakatika kila ukipakua, na jibu ni lile lile, "zima, washa"

Wenzangu wa Mkomani, Langoni na Shela, na nyinyi mafundi mnaosoma humu kimya kimya: imetosha. Mteja analipia intaneti ya dishi la paani, "hadi Mbps 10", faili la GB 4 linafika asilimia thelathini linakufa, na akipiga simu anaambiwa azime ruta, ahesabu kumi, awashe. Ruta haina mapepo. Kuzima na kuwasha kunafuta foleni iliyojaa ya pakiti (vipande vya data) na kuilazimisha antena ijiunge upya na mnara. Ndiyo maana nafuu huja dakika chache tu.

Kwanza hesabu, maana hapa wateja nao hupiga kelele za bure. Mbps ni megabiti, na dirisha la kupakua huonyesha megabaiti. Gawa kwa 8. Mbps 10 ni MB 1.25 kwa sekunde, kwa hiyo faili la GB 4 ni kama dakika 53 mambo yote yakinyooka. Ukiona 1.1 hujaibiwa. Ukiona 0.2 inayodondoka hadi sifuri, una kesi.

Kesi hiyo usiijenge kwa waifai. Kuta za nyumba zetu za mawe na chokaa zina unene wa karibu nusu mita, na mawimbi ya GHz 5 yakivuka kuta mbili hivyo hayabaki na kitu. Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa kebo, toa simu zote za watoto, fungua madirisha mawili ya amri:

ping -t 192.168.1.1
ping -t 8.8.8.8

Ping hutuma pakiti ndogo na kupima muda wa jibu kurudi. Ya kwanza ni anwani ya ruta, ya pili ni seva ya Google huko nje. Kama ruta yako ina nyingine, amri ya ipconfig itakuonyesha. Acha dakika tano bila kupakua kitu, kisha anza kupakua faili kubwa na utazame dakika tano nyingine. Piga picha kioo.

Ruta ikikosa kujibu, kosa liko ndani: kebo, ruta, au adapta yake. Adapta ya volti 12 iliyochoka hudanganya sana. Ruta ikitulia inawaka vizuri, upakuaji ukianza inavuta umeme zaidi, volti zinashuka, inajizima na kujiwasha. Pima kwa mita ruta ikiwa kazini. Chini ya 11.4, tupa adapta.

Ruta ikijibu vizuri lakini 8.8.8.8 inapoteza pakiti hata kabla hujapakua, hiyo ni laini ya mtoa huduma na hapo ndipo pa kumbana. Asikwambie "ni asilimia moja tu". Faili likitoka seva ya Ulaya, safari ya kwenda na kurudi ikiwa milisekunde 150, upotevu wa asilimia 1 unaishusha TCP ya kawaida (utaratibu wa kupeleka data, unaopunguza mwendo pakiti zikipotea) hadi chini ya Mbps 1 kwa muunganisho mmoja, hata kama umelipia 50. Lile jaribio la kasi wanalopenda kukuonyesha hufungua miunganisho mingi kwa seva ya hapa nchini, kwa hiyo tatizo halionekani.

Sasa paa. Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Mnatufungia dishi mbele ya bahari kwa kebo ya ndani ya nyumba! Kwangua waya kwa kisu: ukiwa mweupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba. Ukinzani wake unazidi wa shaba tupu kwa zaidi ya nusu, na umeme wa dishi unapitia humo humo, kwa hiyo volti 24 zinazotoka chini hazifiki juu zote. Jua linapasua ganda, chumvi inaingia kwenye kichwa cha RJ45, pini zinaota kutu ya kijani. Mnakuja, mnapuliza, mnachomeka tena, mnaondoka.

Dawa inajulikana. Kebo ya nje yenye shaba tupu. Kata sentimita kumi za mwisho mpaka uone shaba inayong'aa, funga kichwa kipya, paka grisi ya silikoni, zungushia utepe wa mpira unaojigandisha. Kabla kebo haijaingia kwenye dishi, iache ining'inie kitanzi kuelekea chini ili maji yadondokee hapo yasifuate waya. Na nguzo ifungwe kwa vyuma viwili ukutani, si kwa kamba kwenye boriti ya makuti. Kusi ikivuma dishi linageuka nyuzi chache, na hizo zinatosha kulipotezea mnara.

Halafu mtuandikie nguvu ya mawimbi siku ya kufunga. Kati ya -50 na -65 dBm ni kazi. Ikishuka chini ya -75 mmetuuzia kero. Bila namba hiyo mteja hawezi kujua kama mambo yameharibika au hayakuwa sawa tangu siku ya kwanza.

—

Mla_Kaa_wa_Kipungani: Umesahau jambo moja, bwana. Ruta ikijibu vizuri, 8.8.8.8 iko milisekunde 30 wakati wa utulivu lakini inaruka hadi 800 upakuaji ukianza, laini si mbovu. Ni foleni. Mara nyingi chanzo ni upande wa kupakia: simu zinapeleka picha kwenye hifadhi, kamera ya mlangoni inatuma video, Mbps 2 za kupakia zimejaa. Vile vijibu vidogo vya "nimepokea" vinavyotakiwa kurudi kwa seva vinakwama nyuma ya picha za harusi, na seva inapunguza mwendo. Kama ruta inakubali OpenWrt (programu huria ya ruta), washa SQM, kipangaji chake cha foleni, chagua aina ya cake, weka asilimia 85 hadi 90 ya kasi uliyopima, pande zote mbili. Kama haikubali, zima hifadhi ya picha mpaka usiku. Na tafadhali asije mtu hapa kusema "badilisha DNS". DNS hutafuta jina tu. Faili likishaanza kushuka, kazi yake imekwisha.

Fundi_Jeti_ya_Mokowe: Nimekubali ya kebo, ni aibu yetu. Lakini hamjasema la maji. Kiungo kikivuka bahari, mawimbi yanafika kwa njia mbili: moja kwa moja, na yaliyogonga uso wa maji. Maji yakijaa na kupwa, njia ya pili inabadilika urefu, na kuna saa zinafutana kabisa. Andikeni saa za kukatika kwa wiki moja. Ikiwa ni saa mbili usiku kila siku, ni msongamano, mnara umeuzwa kwa watu wengi mno. Ikiwa saa inasogea mbele kama dakika 50 kila siku na mambo yanazidi wakati wa bamvua, ni maji. Hapo kubadilisha ruta ni kutupa pesa. Dishi lipandishwe au lishushwe, au lirudishwe nyuma ili ukingo wa paa ukinge mwali wa chini. Na mvua msiisingizie: kwa GHz 5 mvua yenyewe haina neno kubwa, ni mwembe wa jirani uliolowa.

Mwenye uzi: Ahsante, fundi, hilo la dakika 50 halijawahi kutoka kwenye simu ya huduma kwa wateja. Basi malalamiko yaende na vitu vitatu: picha za ping kwa kebo, orodha ya saa za wiki nzima, na dBm. Mpeleke kwa maandishi kwa mtoa huduma, mdai namba ya malalamiko. Akinyamaza, Mamlaka ya Mawasiliano. Kanuni za kulinda watumiaji zipo. Wakati mnangoja, msipakue kwa kivinjari. Tumieni aria2, programu ya kupakua kwa amri: andikeni aria2c -c -x 4 na kiungo cha faili: ikikatika inaendelea ilipoishia, mradi seva inaruhusu, na miunganisho minne haiumizwi na upotevu kama mmoja.

Mla_Kaa_wa_Kipungani: Na waifai ya GHz 2.4 iwekeni upana wa MHz 20, chaneli 1, 6 au 11. Kuna mtu Langoni ameweka 40 anawafunika mtaa mzima.