Nimepata PhD yenye ufadhili kamili (betri za elektroliti mango) ila nasita, naombeni ushauri

Msaka_Elektroni: Wakuu habari za muda huu. Nimepata nafasi ya PhD, miaka minne, ada wanalipa na posho ya kila mwezi ipo. Kazi ni kuiga kwa kompyuta malighafi za betri za elektroliti mango, zile ambazo badala ya kimiminika kinachoshika moto ndani kuna kitu kigumu na ioni za litiamu zinapenya humo humo. Hakuna kuchanganya kemikali, ni mimi na kompyuta tu, hata kazi ya masta laptopu yangu ililia wiki tatu mfululizo. Tatizo nina ajira ya kudumu na siku hizi silali. Wanataka jibu Ijumaa. Niende au nibaki?

Kichwa_Maji: Mtu analipwa kusoma halafu anaomba ushauri. Wengine tumeomba mara saba hata "pole" hatujaambiwa.

Mzee_wa_Hesabu: Mdogo wangu, soma mkataba, pesa ni ya miaka yote minne au "itategemea maendeleo"? Mimi mwaka wa tatu mfadhili alijitoa, nikawa mchana nafundisha tuisheni usiku naandika tasnifu, mpaka leo nikisikia printa inakwaruza moyo unanienda mbio. Ila nilimaliza. Mgongo ndio haukupona.

Bi_Garneti: Fani ipo hai, usiogope hilo. LGPS, elektroliti mango ya jamii ya salfaidi (zenye salfa), ilipotoka 2011 ilipitisha ioni milisiemensi 12 kwa sentimita kwenye joto la kawaida, kimiminika kikapata mpinzani, ila salfaidi hizo zikikutana na unyevu zinatoa gesi ya mayai viza. Jamii nyingine, garneti ya LLZO ya 2007 yenye oksijeni badala ya salfa, ni ngumu kama kigae na bado litiamu inaota vijiti ndani ya nyufa zake mpaka betri inapiga shoti. Kazi haijaisha hata robo. Lakini mdogo wangu, ajira ya kudumu haimkoseshi mtu usingizi hivyo. Kuna nini?

Msaka_Elektroni: Hamna kitu dada, wasiwasi wa kawaida tu.

Bi_Garneti: Andiko uliloombea nafasi limesimama juu ya nini?

Msaka_Elektroni: Sawa. Limesimama juu ya matokeo ya masta yangu. Niliiga salfaidi moja kwenye joto tano, kelvini 600, 700, 850, 1000 na 1200, maana kwenye joto la kawaida ioni inaruka kwa nadra mno, pikosekunde zako (moja ni sehemu ya trilioni ya sekunde) zinaisha bado umekaa unasubiri, kwa hiyo unapima kwenye joto kali, unachora mstari, unaushusha mpaka 300. Sasa kule kwenye 600, pikosekunde 40 nzima, nilimwona litiamu mmoja tu karuka, kakaa kidogo, karudi alikotoka. 700 afadhali kidogo. Nukta hizo mbili zilikuwa zinauvuta mstari chini nikazitoa, zikabaki tatu zimenyooka kama rula, kizuizi cha kuruka kikatoka elektronivolti 0.22. Nikizirudisha ni 0.34. Sikuandika popote kwamba nilizitoa, na supavaiza mpya kaniambia mwenyewe hiyo namba ndiyo iliyomvutia.

Na kabla hamjanirukia, nukta zenye miruko michache kila mtu anazitoa. Nikifika nitaendesha upya mwaka wa kwanza, kimya kimya. Halafu nimeshasaini.

Punda_wa_Klasta: Kuzitoa sio kosa, kosa ni kutosema. Hiyo 0.12 usiione ndogo, ukishusha mstari kutoka 1000 mpaka 300 upitishaji unatoka mdogo zaidi ya mara 20 kuliko ulivyotangaza. Yaani umemuuzia supavaiza mpinzani wa LGPS, yeye anakuja kufungua boksi anakuta kokoto.

Mzee_wa_Hesabu: Uongo ni kama mimba mdogo wangu, utaficha miezi mingapi?

Fundi_Saa: Chai hii wazee. Mara jibu Ijumaa, mara ameshasaini. Na hiyo laptopu je? Pikosekunde 40 kwa hatua za femtosekunde mbili ni hatua 20,000, na mfano wa maana una atomu mia mbili hadi tatu, kwa DFT (hesabu ya kwanta ya elektroni, nzito kwelikweli) hata kila hatua uipe dakika tano ni siku 69 kwa joto moja tu, yeye ana joto tano na anasema wiki tatu. Ametoka kusoma mahali anatujaribu.

Kichwa_Maji: 😂😂 chai ya tangawizi kabisa, nilishaanza kumwonea huruma

Msaka_Elektroni: Nimesaini sijatuma! Na hesabu zilikwenda klasta ya chuo, zile kompyuta nyingi zilizounganishwa, laptopu ilikuwa ya kuchambua na kuchora grafu. Atomu zenyewe 50, sio mia tatu. Kwani ningetunga ili nipate nini?

Fundi_Saa: 50? Basi nafuta neno chai. Hapo umesema kitu ambacho mtunzi asingekisema, angejipa 500.

Punda_wa_Klasta: 50 ndiyo maana ukaona mruko mmoja. Na dawa ipo: chukua nguvu za DFT ulizonazo, fundisha nazo potenshali ya mashine, yaani modeli inayokisia nguvu hizo haraka, iendeshe kwenye LAMMPS, programu ya kuiga mwendo wa atomu, kwa nanosekunde, atomu maelfu, hiyo 600 yako itakaa sawa. Huenda ikatoka 0.28, huenda 0.34 ikawa ndiyo yenyewe. Ila mwambie kabla hujatuma hiyo saini.

Msaka_Elektroni: Akiniondoa je?

Bi_Garneti: Mimi nasimamia wanafunzi. Nikitumiwa nukta tano na maelezo nakaa naye mezani. Nikizikuta mwenyewe mwaka wa pili sikai naye.

Msaka_Elektroni: Nimeandika imeili. Mistari minne, grafu nimeambatanisha, nukta zote tano zipo. Ipo kwenye rasimu. Mnisubiri kidogo.

*(saa tatu baadaye)*

Bi_Garneti: Umetuma?

Kichwa_Maji: Samahani naenda nje ya mada, hiyo nafasi ikibaki wazi mtu anaomba wapi?